Luteni Kara Hultgreen na F-14 ya 25 Oktoba 1994: kwenye kumbukumbu yake tuandike nini?

Mchana Kweupe (mleta mada)

Wakuu, habari za jioni.

Kila ikifika Oktoba picha ya Kara Hultgreen, rubani wa Jeshi la Majini la Marekani aliyekufa ajalini 1994, inarudi mitandaoni, amesimama kando ya ndege ya kivita ya F-14, na chini yake maelezo yasiyopatana. Mmoja anaandika kwamba ndiye mwanamke wa kwanza kuwa rubani katika Jeshi la Majini la Marekani. Mwingine anasema alifia vitani. Wa tatu anasema injini ilizima ghafla na hakuwa na la kufanya. Wa nne anasema alibebwa, kozi ilimshinda. Na wote wanne wanapigiwa makofi.

Naandaa ukurasa mmoja wa kumbukumbu wa kubandika kwenye ubao wa klabu ya anga ya wanafunzi, maneno yasiyozidi 150. Sitaki kubandika uongo. Naomba kuelewa haya: ndege ilikuwa inatua tu, haipigani na mtu, ilikuwaje ikapinduka? Kwa nini aliyekaa kiti cha nyuma alitoka mzima na yeye hakutoka? Na hizi ripoti mbili zinazotajwa zinatofautiana wapi?

Mwenye kujua kwa undani atiririke.

Ndoano ya Tatu

Mleta mada, tuanze na wasifu, maana hapo ndipo wengi wanapopotea.

Kara Spears Hultgreen alizaliwa 5 Oktoba 1965 Greenwich, Connecticut, na shule ya sekondari alimalizia San Antonio, Texas. Chuo Kikuu cha Texas, Austin, alisomea uhandisi wa vyombo vya anga. Akaingia jeshini 1987 kupitia kozi ya maofisa wanafunzi wa anga, Pensacola. Alipopata mbawa zake, yaani beji ya urubani, sheria bado ilikuwa inazuia wanawake kurusha ndege za mapambano, kwa hiyo akapelekwa Key West, Florida, kikosi cha VAQ-33, kurusha EA-6A, ndege ya kuvuruga rada. Kazi yenyewe ilikuwa kujifanya adui ili meli na ndege za upande wao zipate mazoezi. Aprili 1993 Waziri wa Ulinzi Les Aspin alifungua mlango, naye akahamia F-14 kwenye kikosi cha mafunzo cha VF-124, Miramar, California. Baadaye akapangwa VF-213, kikosi ambacho nembo yake ni simba mweusi.

Kwa hiyo lile dai la kwanza silo. Mwanamke wa kwanza kupata mbawa za urubani katika Jeshi la Majini la Marekani ni Barbara Allen Rainey, Februari 1974, na yeye pia alifia kazini, kwenye ajali ya ndege ya mafunzo huko Alabama mwaka 1982. Hultgreen ni wa kwanza kwa jambo lenye mipaka yake: rubani wa kwanza mwanamke wa ndege za kivita zinazotumikia manowari ya kubeba ndege, katika jeshi hilo. Sentensi ni ndefu, najua, lakini ukiipunguza unaipora haki Rainey.

La vitani nalo silo. Ilikuwa Jumanne mchana, bahari ya Pasifiki, kama kilomita 80 nje ya San Diego. Ndege ilikuwa inarudi kutua juu ya USS Abraham Lincoln, kwenye mazoezi ya kawaida.

Sasa ajali. Fuateni kwa mpangilio, maana kila hatua ndiyo imezaa inayofuata.

Ndege zinazorudi melini mchana, hali ya hewa ikiwa nzuri, hupita juu ya meli, zikakunja kushoto na kurudi nyuma kwa kuambaa ubavu wa meli, kimo cha futi 600. Zikifika usawa wa tezi zinaanza kukunja tena kushoto huku zinashuka, kona moja ndefu ya nyuzi 180, ili zitoke kwenye kona hiyo zikiwa zimelenga mstari wa katikati wa sehemu ya kutulia. Mstari wenyewe hauendi sambamba na meli, umepinda kushoto kama nyuzi 9, na meli inazidi kutembea. Ukitoka kwenye kona umebakiwa na sekunde 15 hadi 18 za kunyooka kabla magurudumu hayajagonga sitaha. Hakuna muda wa kubembeleza.

Hultgreen alipitiliza mstari, yaani kona ilimtoa upande wa kulia wa pale alipotakiwa kuwa. Ni kosa la kawaida kabisa, marubani wa manowari hulifanya na hupewa alama ndogo kwa hilo. Ili kurudi kwenye mstari unatakiwa uongeze mlalo wa bawa kwa kiasi, au ukubali kwamba umeharibu na upande juu ukaanze upya. Yeye alikanyaga pedali ya kushoto ya usukani wa mkia ili pua iwahi kugeuka.

Hapo ndipo F-14A isipotaka uiguse.

Kompresa

Naomba nipokee hapo hapo kwa Ndoano, upande wa injini ni wangu.

F-14A ilikuwa na injini mbili za Pratt & Whitney TF30. Injini hiyo ililetwa kama ya kupitia tu. Mpango ulikuwa ndege zianze nayo halafu zibadilishiwe, lakini pesa hazikutoka na mamia ya F-14A yakafanya kazi nayo hadi yanastaafu. Haikuwa mbovu kila mahali. Ilikuwa na mapafu ya kuchagua: ilitaka hewa iingie imenyooka na kwa shinikizo lililo sawa uso mzima wa feni. Ukiipelekea hewa iliyochafuka, blade za kompresa zinapoteza mshiko kama bawa linavyopoteza unyanyuzi, hewa inarudi nyuma kwa kishindo, na nguvu inaanguka. Tuite kukabwa kwa kompresa. Kuna wakati inajirudi yenyewe, kuna wakati inabaki imekabwa mpaka uzime na kuwasha upya, kitu ambacho huwezi kukifanya ukiwa na sekunde chache juu ya maji.

Sasa chora picha. Ndege ina mdomo wa hewa kila ubavu, nyuma ya chumba cha rubani. Ukikanyaga pedali ya kushoto, pua inakwenda kushoto lakini ndege yenyewe bado inasonga kule ilikokuwa inakwenda. Maana yake upepo unaijia kutoka kulia kwa pua. Kiwiliwili cha mbele kinakuwa ukuta: mdomo wa kulia unapata hewa safi, wa kushoto unabaki kwenye kivuli, unakula mabaki yaliyozunguka ukuta. Ndiyo sababu ni injini ya kushoto iliyokabwa, na si ya kulia.

Na kulikuwa na la ziada. Ndege ilitolewa baharini, injini zikafunguliwa, na uchunguzi wa kisheria ukasema valvu ya kupunguza shinikizo katikati ya kompresa ya injini hiyo haikufanya kazi yake. Valvu hiyo kazi yake ni kutoa sehemu ya hewa pembeni pale hali inapokuwa ngumu, ili kompresa isikabwe upesi. Isipofunguka, ule upana wa usalama unapungua, na kosa la pedali ambalo siku nyingine injini ingelimeza, siku hiyo haikulimeza.

Kwa hiyo "injini iliharibika" na "rubani alikosea" si mashtaka mawili ya kuchagua moja. Vyote viwili vimo katika sekunde zile zile.

Nyongeza ndogo: F-14B na F-14D zilifungwa General Electric F110 na ugonjwa huu ukaisha kwa kiasi kikubwa. Nguvu ikapanda kutoka kama tani 9.5 kwa injini hadi tani 12 na kitu, na ndege zikawa zinarushwa kwenye katapulti (mtambo wa melini wa kurushia ndege) bila moto wa nyongeza, yaani mafuta ya ziada yanayochomwa nyuma ya injini. Hiyo ya Hultgreen ilikuwa A.

Ndoano ya Tatu

Asante Kompresa. Namalizia.

Injini ya kushoto imekabwa, ndege iko chini, polepole, magurudumu na flapu vimeshushwa. Pale ukingoni mwa sitaha husimama afisa wa kutua, naye ni rubani, kazi yake kumtazama kila anayekuja. Alimwashia taa za kumkataza kutua na redioni akamtaka aongeze nguvu. Hultgreen akasukuma nguvu. Lakini nguvu ilipatikana upande mmoja tu.

Injini za F-14 zimeachana, ekseli hadi ekseli karibu mita 2.7, kwa sababu katikati yake kuna ule uwanda mpana ambao chini yake huning'inizwa makombora. Kwa hiyo kila injini iko mita 1.35 kutoka katikati. Injini ya kulia peke yake, moto wa nyongeza ukiwaka, ni kama kuning'iniza tani 9 na nusu kwenye mkono wa mita 1.35 na kuisukuma pua kushoto. Na pua tayari ilikuwa kushoto, kwa pedali ile ile.

Pua ikizidi kushoto, bawa la kulia linakwenda mbele na kunyanyuka, la kushoto linabaki nyuma na kulala. Wakati huo huo rubani anataka kupanda, anavuta fimbo, pembe ya bawa dhidi ya upepo inakua. Pembe ikizidi, usukani wa mkia unakosa upepo wa kushika na bawa la kushoto linakata tamaa. Baada ya hapo hakuna nguvu ya mikono inayoweza kuirudisha, na maji yako pale chini.

Ukitazama ile video ya kamera ya sitaha utaona mlalo unaanza taratibu, kama ndege inayokunja kona ya kawaida, halafu ghafla inageuka mgongo. Hakuna hatua ya kati.

Mzee wa Kanuni

Mnaeleza vizuri ila msipite haraka. Kitabu cha F-14 kilikuwa na hatua za kukariri kwa hali hii hii, injini moja kufa wakati wa kutua, na rubani anatakiwa azitaje hata akiamshwa usingizini:

Weka pua nyuzi 10 juu ya upeo wa macho, usizidishe. Kanyaga pedali kinyume na upande ndege inakogeukia, fimbo ya pembeni iwe msaidizi tu. Ndipo uongeze nguvu kwenye injini zote mbili kadiri ya kupata kupanda, moto wa nyongeza ukiwa wa lazima tu. Nyanyua magurudumu. Tupa mizigo ya nje ikibidi. Na wakati wote kipimo cha pembe ya bawa dhidi ya upepo kisipite yuniti 14.

Mpangilio huo una sababu. Pedali inakuja kabla ya nguvu, kwa sababu nguvu bila pedali ndiyo inayokupindua. Na yuniti 14 si namba ya mapambo. Kutua kwenyewe hufanyika kwa yuniti 15, kwa hiyo kitabu kinakwambia kwanza punguza pembe, shusha pua kidogo hata kama moyo unakataa, kwa kuwa bahari unaiona. Hapo ndipo binadamu yeyote anashindwa na silika yake.

Mtu akisema hakuwa na la kufanya, ajue lilikuwepo la kufanya. Lilihitaji kufanywa ndani ya sekunde mbili tatu za mwanzo, na kwa mpangilio sahihi.

Kiti cha Nyuma

Swali la pili halijajibiwa, nalo ndilo linaloumiza zaidi.

F-14 ina viti viwili, mbele rubani, nyuma afisa wa rada. Viti vya F-14A ni Martin-Baker GRU-7A, vyenye roketi. Kuna mshipi wa kuvuta juu ya kichwa na mwingine katikati ya mapaja. Afisa wa rada anaweza kuwatoa wote wawili kwa mvuto mmoja, na ndivyo ilivyokuwa siku hiyo: yeye ndiye aliyevuta.

Mambo yanafuatana hivi. Kifuniko cha kioo kinaruka kwanza. Kinafuata kiti cha nyuma. Baada ya sekunde 0.4 kinatoka cha mbele. Wa nyuma hutangulia kwa sababu wa mbele akitangulia, moto wa roketi yake unamuunguza aliyebaki nyuma, ambaye kifuniko kimeshamwondokea. Mpangilio ni sahihi na umeokoa watu wengi.

Tatizo ni kwamba kiti hakijui juu ni wapi. Kinakurusha kuelekea utosi wako ulikoelekea. Wanaposema viti hivi vinaweza kukuokoa ukiwa ardhini umesimama, kasi sifuri na kimo sifuri, wanamaanisha ndege ikiwa imekaa wima. Ndege ikilala nyuzi 90 kiti kinakurusha sambamba na maji. Ikipita 90, kinakurusha majini.

Piga hesabu ya mfano. Ndege ikiwa inabiringika nyuzi 100 kwa sekunde, katika 0.4 ya sekunde imeongeza nyuzi 40. Afisa wa rada akitoka ndege imelala nyuzi 70, bado kiti chake kinapanda kidogo na parashuti inapata nafasi ya kufunguka. Rubani anatoka kwenye nyuzi 110, na hapo kimo kilichobaki kinaisha ndani ya sekunde moja hivi. Namba hizi ni zangu za kuonyesha kanuni, si za ripoti. Lakini lililotokea ndilo hilo: aliyetangulia aliokotwa hai, na Hultgreen alirushwa kuelekea baharini.

Mwili wake ulipatikana 12 Novemba 1994, siku 18 baadaye, bado umefungwa mikanda ya kiti, kwenye kina cha zaidi ya kilomita moja. Hapo kuna kosa lingine linalozunguka mitandaoni, kwamba alibaki ndani ya ndege. Hapana. Kiti kilitoka. Hakikuwa na mahali pa kwenda.

Debe Tupu

Wakuu, mbona mnazunguka? Ripoti ya siri ilisema ni kosa la rubani, jeshi likaficha, likatangaza injini. Mwenye macho haambiwi tazama.

Mzee wa Kanuni

Debe Tupu, jina lako linakufaa, lakini nitakujibu kwa heshima.

Ajali ya ndege ya Jeshi la Majini la Marekani huchunguzwa mara mbili, na timu mbili tofauti, kwa makusudi. Uchunguzi wa kwanza ni wa usalama. Mashahidi wanaahidiwa kwamba watakayosema hayatatumika kuwaadhibu wala hayatatoka nje, ili waseme kweli hata ya aibu. Kazi yake ni kuorodhesha kila kitu kilichochangia, likiwemo lolote ambalo rubani angelifanya vizuri zaidi. Uchunguzi wa pili ni wa kisheria, unafanywa chini ya idara ya mwanasheria mkuu wa jeshi hilo, na huo ndio unaotolewa kwa familia na umma.

Ripoti ya kisheria ilitoka mwishoni mwa Februari 1995, ikaweka mkazo kwenye kukabwa kwa injini. Muda si mrefu ile ya usalama ikavujishwa, nayo ikaeleza kwa kirefu hatua za rubani: kupitiliza mstari, pedali, pembe kuzidi. Watu wakasoma ripoti mbili zenye kazi mbili, wakadhani moja ni ya kweli na nyingine ya uongo.

Kuna dosari kwa pande zote. Jeshi lilipozungumza na waandishi lilitaja injini na kunyamazia yaliyobaki, na hilo liliwapa wabishi mafuta ya kuwashia moto. Na aliyevujisha ripoti ya usalama alivunja ile ahadi inayowafanya mashahidi waseme, jambo linalowaumiza marubani watakaokuja, wanaume kwa wanawake.

Kuhusu "alibebwa": jaribio lake la kwanza la kufuzu kutua melini kwa F-14 hakufaulu. La pili alifaulu, mwisho wa Julai 1994, juu ya USS Constellation. Kutofaulu mara ya kwanza hakukuwa ajabu katika kozi ile, ndiyo sababu kuna utaratibu wa jaribio la pili. Alikuwa na zaidi ya saa 1,000 angani, mia mbili na kitu zikiwa za F-14. Hizo ni saa za rubani mpya wa ndege hiyo aliyekwisha kuwa mzoefu wa kazi. Hakuwa mwanafunzi, wala hakuwa bingwa wa miaka kumi. Mwandike hivyo hivyo alivyokuwa.

Kompresa

Naongeza moja kwa Debe Tupu. Orodha ya marubani wanaume waliopoteza F-14A kwa sababu ya TF30 ni ndefu. John Lehman, aliyekuwa waziri wa Jeshi la Majini na mwenyewe afisa wa anga wa akiba katika jeshi hilo, alishaliambia Bunge la Marekani katika miaka ya 1980 kwamba injini ile na ndege ile haziendani. Miaka kumi kabla ya ajali hii.

Bi Saraka

Mleta mada, mambo ya injini wamekutosheleza. Mimi nakupa ya kumbukumbu yenyewe, maana kwenye ubao wa wanafunzi makosa madogo ndiyo yanayokaa miaka.

Cheo. Alikuwa Luteni wa Jeshi la Majini la Marekani. Ukiandika "Luteni" peke yake, msomaji wa Kitanzania au Mkenya anafikiria luteni wa nchi kavu, nyota mbili. Katika majini cheo hicho kiko ngazi moja juu, ni sawa na Kapteni wa nchi kavu. Andika "Luteni wa majini (sawa na Kapteni wa nchi kavu)" na umemtendea haki. Ukitafsiri "Kapteni" moja kwa moja unaharibu upande wa pili, kwa sababu Kapteni wa majini ni sawa na Kanali.

Umri. Miaka 29, na siku 20.

Tarehe ziko tatu, usizichanganye. Alifariki 25 Oktoba, akapatikana 12 Novemba, akazikwa 21 Novemba 1994. Kumbukumbu hufanywa kwa ile ya kwanza.

Kaburi. Yuko Arlington, Virginia, ng'ambo ya mto Potomac ukitoka Washington, Sehemu ya 60. Miaka ya baadaye sehemu hiyo ndiyo ilijaa waliofia Irak na Afghanistan, kwa hiyo picha zake nyingi zina makaburi mapya mengi kuzunguka, na watu wanadhani alikufa kwenye vita hivyo. Jiwe ni lile la kawaida la serikali, marumaru nyeupe, urefu wa sentimita 107, upana 33, unene 10, uzito zaidi ya kilo 100. Sehemu kubwa ya urefu huo inaonekana juu, iliyobaki imezama ardhini ili lisimame. Jenerali na askari wa kawaida wakichagua jiwe la serikali wanapata kipimo kile kile.

Jina la redioni. Wenzake walimwita kwanza "Hulk", kwa urefu wake wa futi 6 na kwa jina la ukoo. Baadaye likawa "Revlon", baada ya kuonekana kwenye televisheni akiwa amepakwa vipodozi. Ukilitaja, taja na sababu. Bila sababu linasomeka kama tusi.

Afisa wa rada aliyenusurika usimtaje jina kwenye ubao. Hakuna anachoongeza kwa mwanafunzi, na wapo wanaomlaumu kwa kuvuta mshipi mapema au kwa kuuvuta kwa kuchelewa, wakati alivuta na ndiyo maana kulikuwa na kiti cha mbele kilichotoka.

Na picha: hakikisha ndege iliyo nyuma yake ni F-14. Nyingine zinazozunguka ni za EA-6A, za Key West. Utazijua kwa kutazama mkia, F-14 ina mikia miwili ya kusimama, EA-6A ina mmoja. Kwenye EA-6A pia wawili hukaa bega kwa bega, hawakai mbele na nyuma.

Mchana Kweupe (mleta mada)

Nawashukuru wote, hata Debe Tupu maana bila yeye Mzee wa Kanuni asingefunguka. Rasimu yangu hii hapa, nikosoeni:

"Luteni wa majini Kara Spears Hultgreen (sawa na Kapteni wa nchi kavu), 5 Oktoba 1965 – 25 Oktoba 1994. Mhandisi wa vyombo vya anga na rubani wa kwanza mwanamke wa ndege za kivita za manowari katika Jeshi la Majini la Marekani. Alifariki akiwa kazini, akirudi kutua juu ya USS Abraham Lincoln kwa F-14A. Akiwa anasahihisha mstari wa kutua, injini ya kushoto ilikabwa hewa. Ndege ikalala kushoto na kupinduka. Afisa wa rada aliruka kwa parashuti na kuokoka. Baada ya sekunde 0.4 kiti cha Luteni Hultgreen nacho kilitoka, lakini ndege ilikwisha kupita mlalo wa nyuzi 90. Amezikwa Arlington, Sehemu ya 60."

Kiti cha Nyuma

Nzuri. Badilisha neno moja: "aliruka". Anayeruka huamua, husimama mlangoni akajitupa, na mwanafunzi atakayesoma ataona mtu aliyemwacha mwenzake. Andika "alirushwa na kiti chake", kama ulivyoandika kwamba cha rubani nacho kilitoka. Ulikuwa mvuto mmoja kwa viti viwili.

Mzee wa Kanuni

Na mimi lingine. "Akiwa anasahihisha mstari" ongeza "kwa usukani wa mkia". Maneno manne tu, lakini mwanafunzi makini atakuja kuuliza kwa nini usukani wa mkia uiue injini, na hapo mwalimu atapata pa kuchora ule mdomo wa kushoto ulioko kwenye kivuli.

Mchana Kweupe (mleta mada)

Yote mawili nimeyaingiza. Picha ya mikia miwili.